GPS ya bei nafuu kwa safari chache za mikoani: ninunue kifaa au simu inatosha?

Mpitanjia:
Wakuu, habari zenu. Naomba ushauri kwa wanaovijua hivi vifaa. Gari ni Toyota iliyotumika Japani, imekuja na redio yake ya kioo. Mzunguko wa kila siku ni Dar, lakini mara nne hivi kwa mwaka kuna safari ya Songea na vijiji vya kule. Bajeti isizidi shilingi 250,000. Simu ni Android ya kawaida, na ndiyo hiyohiyo ya kazi na ya kutuma pesa, kwa hiyo sitaki iishiwe chaji njiani.

Sokoni nakutana na Garmin nüvi zilizotumika (vile vifaa vya GPS vya kubandika kwenye gari), vioo vya inchi 7 visivyo na jina, halafu kuna mafundi wanaosema redio ya Kijapani inaweza kuwekewa ramani ya Tanzania. Ipi ina maana kwa mtu asiyesafiri mara kwa mara? Na hizi GPS zinakula bando?

Fundi wa Dashibodi:
Mkuu, tuanze na redio ili tuimalize. Ramani iliyomo ni ya Japani peke yake, na programu yake haikutengenezwa kusoma ramani ya nchi nyingine. Fundi anayekwambia ataiwekea Tanzania, mara nyingi anachomaanisha ni kuing'oa na kufunga redio ya Android. Hiyo ni kazi nyingine na bei nyingine. Tena nyingi kati ya redio hizo zikikosa umeme wa betri hujifunga na kudai namba ya siri, au hudai memori kadi yake ya asili, kwa hiyo usikubali mtu aichezee kwa majaribio. Ile sauti ya Kijapani inayosalimia kila ukiwasha gari mara nyingi ni ya kifaa cha ETC, cha kulipia barabara za kule. Haihusiani na GPS.

Bando: hapana. Setilaiti za GPS ziko juu kilomita 20,200 hivi, zinatangaza mawimbi yao bure, na kifaa chako kinasikiliza tu bila kutuma kitu. Kinachokula bando ni ramani ikipakuliwa njiani. Ramani ikishakuwa ndani, hata ukitoa laini kwenye simu mshale utaendelea kutembea.

Kwa hiyo unaponunua kifaa, fahamu kwamba unanunua ramani. Chipu ya miaka kumi iliyopita bado inakuonyesha ulipo kwa kosa la mita chache, na kwa barabarani hiyo inatosha kabisa. Ramani ya miaka kumi iliyopita ndiyo inayokupeleka pantoni wakati daraja lipo.

Umri wa ramani unaupima hapohapo dukani, bila kumuuliza muuzaji. Sogeza ramani kwa kidole utafute Daraja la Kigamboni, lililofunguliwa 2016. Likiwepo, nenda Tazara uangalie barabara ya juu ya Mfugale (2018), kisha makutano ya Kijazi pale Ubungo (2021), kisha Daraja la Tanzanite linalopita baharini kutoka Aga Khan kwenda Coco (2022). Mwisho omba njia ya Mwanza hadi Sengerema. Ikikuvusha kwa pantoni pale Kigongo–Busisi badala ya daraja, ramani ni ya kabla ya Juni 2025. Dakika tano tu, na unajua ramani imeishia mwaka gani.

Vile vioo vya inchi 7 visivyo na jina nisingekushauri. Ndani mara nyingi ni mfumo wa zamani wa Windows CE 6.0 wenye RAM ya MB 128 au 256 na hifadhi ya GB 8. Ramani huwekwa kiwandani kulingana na soko, nyingi ni za Ulaya au Marekani, na programu yenyewe mara nyingi ni nakala isiyo na leseni. Maana yake hakuna mtu wa kukuuzia ramani mpya. Boksi linaweza kuandikwa "ramani bure maisha yote" na humo ndani Songea ni nukta moja na mstari mmoja.

Nyuzi_na_Ramani:
Naunga mkono hapo juu. Niongeze kwa upande wa nüvi, kwa sababu ina faida moja kubwa kwa hapa kwetu: inakubali ramani za bure za OpenStreetMap (OSM), zinazochorwa na watu wa kujitolea. TomTom hazikubali, unabaki na alichokuwekea mwenye kampuni. Herufi zilizo mwisho wa jina la Garmin zina maana: LM ni ramani za kudumu bure, LMT ni ramani pamoja na taarifa za foleni. Lakini ahadi hiyo ni ya ukanda ule ambao kifaa kiliuziwa. nüvi ya LM kutoka Uingereza itakupa Ulaya mpya kila mara, na Tanzania hutaiona.

OpenStreetMap ya Dar ina vichochoro vingi kuliko ramani nyingi za kununua. Kuanzia 2015 mradi wa Ramani Huria ulitembeza wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe mtaa kwa mtaa, hasa sehemu zinazokumbwa na mafuriko kama Tandale, wakachora njia, mitaro na nyumba. Mikoani ubora unapanda na kushuka. Barabara kuu zipo vizuri, lakini majina ya vijiji wakati mwingine yanakosekana.

Namna ya kuiweka:

Pakua ramani ya Tanzania iliyotengenezwa kwa ajili ya Garmin. Kuna tovuti kadhaa zinazoitoa bure, mojawapo ni garmin.openstreetmap.nl. Unachagua nchi, unasubiri, unapata faili lenye jina gmapsupp.img. Chukua memori kadi ya GB 8, inatosha na kubaki, uifomati kwa FAT32. Tengeneza folda iitwayo Garmin, weka faili humo na usilibadilishe jina, maana nüvi za zamani hazitambui jina jingine lolote. Ingiza kadi kifaa kikiwa kimezimwa, kisha washa.

Halafu hatua ambayo wengi wanairuka: ingia mipangilio ya ramani, sehemu iliyoandikwa myMaps, weka tiki kwenye OSM na uondoe tiki kwenye ramani ya zamani. Zikiwashwa zote mbili, ya zamani inaweza kuifunika mpya, barabara zinachorwa mara mbili, njia inakatika ghafla, na mtu anaishia kusema ramani ya bure ni mbovu.

Udhaifu wake ni utafutaji wa anwani. Ukiandika mtaa na namba ya nyumba hutapata kitu. Tafuta kwa jina la mahali, mfano kituo cha mafuta, hospitali au stendi, au ingiza majira ya nukta, yaani latitudo na longitudo. Kwenye majira kuwa makini na S na E. Tanzania yote iko kusini ya Ikweta, hivyo latitudo ni S au ina alama ya kutoa mbele. Ukiandika 6.8 bila S, na 39.2, kifaa kitatafuta njia ya kwenda Ethiopia. Pia angalia muundo: mtu akikutumia -10.6833 na kifaa kimepangwa kwa digrii, dakika na sekunde, usizibandike tarakimu zilivyo. Badilisha muundo kwenye mipangilio kwanza.

Tani30:
Ndugu zangu, kabla hajatoa pesa yoyote ajaribu simu. Kwa safari nne kwa mwaka, simu yenye ramani ya ndani ni kifaa kamili, na ile 250,000 inaweza kununua simu ya pili iliyotumika ya kukaa kwenye gari peke yake, bila laini. Hapo suala la chaji ya simu ya kazi limekwisha.

Pakua programu ya ramani ya Organic Maps au OsmAnd ukiwa kwenye Wi-Fi, na hakikisha umepakua njia nzima mpaka Ruvuma. Kosa la kawaida ni kupakua Dar pekee kisha kushangaa Morogoro kioo kikiwa kijivu. Google Maps nayo inaruhusu kupakua, ila kwa vipande vya mraba. Viache viingiliane kidogo, na ukumbuke vina tarehe ya kuisha. Vikiisha kabla ya safari na huna mtandao, basi tena. Angalia tarehe hiyo siku moja kabla ya kuondoka.

Ukinunua simu ya pili, weka programu ya GPSTest kabla ya kulipa, toka nje ya duka mahali panapoonyesha anga na usubiri dakika mbili tatu. Itakuonyesha kila setilaiti na nguvu ya mawimbi yake kwa namba. Setilaiti nne ndicho kiwango cha chini cha kupata mahali ulipo. Simu nzima itakuwa na kumi na kitu zinazotumika, nyingi zikiwa juu ya 30. Ukiona nyingi zinacheza kwenye 15 au 20 nje kwenye anga wazi, antena imeguswa na fundi au kava la nyuma si la kwake. Usichukue. Na usinunue iPad ya Wi-Fi pekee kwa kazi hii, haina GPS kabisa. Baadhi ya tableti za bei ndogo ziko vilevile.

Sasa umeme, maana hapo ndipo simu zinapofia. Kioo kikiwa na mwanga wa juu na GPS inafanya kazi, chaja ya ampea 1 inashindwa: unatoka Dar na asilimia 80, unafika Mikumi na 40, wakati waya umechomekwa muda wote. Chukua chaja ya ampea 2.4 au ya wati 18, na waya mfupi, mnene. Waya mrefu mwembamba unapoteza umeme njiani hata chaja ikiwa nzuri.

Kwa lori na mabasi ya volti 24, soma maandishi kwenye chaja. Lazima iandikwe 12–24V. Ya 12 pekee itaungua.

Halafu joto. Simu iliyobandikwa kwenye kioo saa saba mchana ikipita Dodoma inapunguza mwanga wenyewe na kusimamisha kuchaji ili betri isiharibike. Dawa ni kishikio cha kwenye tundu la kiyoyozi, hewa ya baridi ikipiga mgongo wa simu. Usiibandike juu ya mfuniko wa airbag.

Fundi wa Dashibodi:
Tani30 yuko sahihi kwa mtu mwenye kiyoyozi kinachofanya kazi. Gari lisilo na kiyoyozi, nüvi inavumilia jua kuliko simu. Haipokei simu wala ujumbe katikati ya kona, kioo chake kinasomeka kwa jicho la mara moja, na polisi akikusimamisha hakukuti na simu mkononi.

Ila nüvi ina mtego wake kwenye waya. Ukiichomeka kwa waya wa kawaida wa mini-USB, nyingi zinadhani zimeunganishwa na kompyuta: inatokea picha ya kompyuta kwenye kioo na ramani inapotea. Waya wake wa asili wa gari una kipingamizi ndani ya plagi, kwenye pini ya nne, kinachoiambia kwamba hapa ni kwenye gari. Kwa hiyo muulize muuzaji waya wa asili. Asipokuwa nao, punguza bei, na utafute waya wa Garmin wa kuchajia tu.

Betri ya nüvi iliyotumika mara nyingi imechoka. Ichomoe kwenye umeme ikiwa imewashwa uone. Ikidumu dakika kumi na tano, inatosha kwa gari. Ikizima papo hapo, kila ukizima injini itaanza upya, na ukiwasha gari umeme unashuka kidogo na kuizima tena. Inatumika, ila ni usumbufu. Jaribu pia kioo: buruta ramani kutoka kona hadi kona, pembe zote nne. Sehemu isiyoitikia ndiyo itakayokuwa na kitufe unachokihitaji.

Jambo jingine ni tundu la laita lisilo na umeme. Kabla ya kulaumu kifaa, fungua boksi la fyuzi utafute iliyoandikwa CIG au P/OUTLET, kwa kawaida ni ya ampea 15. Na chaja za bei ya chini kabisa, pamoja na zile kamera za dashibodi, zinatoa kelele inayofunika mawimbi ya GPS, maana mawimbi yanafika yakiwa dhaifu mno. Dalili yake: GPS inashika vizuri mpaka uchomeke chaja, kisha inapotea. Chomoa uone, au isogeze mbali.

Mpitanjia:
Nashukuru sana wakuu, mmenifungua macho. Mawili yamebaki. Njia ya Songea ina michepuko, nitajuaje kifaa hakinipeleki porini? Na zile tahadhari za mwendo, zinaweza kunisaidia na tochi za trafiki?

Nyuzi_na_Ramani:
La kwanza ni mpangilio mmoja tu: chagua njia ya haraka, usichague njia fupi. Ukichagua fupi kwa safari ya Songea, kifaa kinaweza kukutoa barabara kuu pale Mikumi, kikupitishe Ifakara, Malinyi na Londo hadi kutokea Lumecha. Kwenye ramani inapendeza, inakata kona yote ya Iringa na Njombe. Barabarani, sehemu kubwa ni udongo, na masika gari dogo halipiti. Kisha kwenye orodha ya vitu vya kuepuka weka tiki kwenye barabara zisizo na lami. Organic Maps na OsmAnd zina kitu hichohicho kwenye chaguo za kuendesha.

Fahamu jinsi inavyofanya kazi: programu inaepuka barabara pale tu mchoraji alipoandika aina ya uso wake. Asipoandika, inahesabiwa kama nzuri. Kwa hiyo kabla ya kuondoka, soma orodha ya miji kwenye njia uliyopewa: Morogoro, Mikumi, Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe, Songea. Jina usilolijua likiingia katikati, simama hapo uulize. Njia ya Lindi, Masasi na Tunduru nayo ni ya lami siku hizi, ramani ya zamani tu ndiyo itakayokwambia ni vumbi.

Baada ya mvua kubwa, piga simu kwa mtu aliye kule. Mei 2024 barabara ya Dar–Lindi ilikatika eneo la Somanga wakati wa Kimbunga Hidaya, na hakuna ramani ya ndani ya kifaa inayoweza kujua jambo kama hilo.

Tani30:
Kuhusu tochi, usiitegemee. Kiwango cha mwendo kwenye ramani ni kile alichoandika mchoraji, na barabara nyingi za mikoani hazina kabisa. Kibao cha 50 kinawekwa mwanzo wa kijiji na kinaweza kuhamishwa kijiji kikikua, ramani ikabaki na ya zamani. Kifaa kikinyamaza, hiyo haimaanishi uko salama. Kinachofaa ni tarakimu ya mwendo halisi: GPS inapima kasi yako kwa usahihi kuliko mshale wa dashibodi, ambao kwa kawaida umepangwa kusoma juu kidogo. Ila ulinganishe ukiwa kwenye tambarare kwa mwendo usiobadilika, maana ukikanyaga breki GPS inachelewa sekunde moja hivi.

Na kwa kuwa ni msafiri wa mara chache: kifaa kilichokaa kabatini miezi mitatu hakijui setilaiti ziko wapi. Safari ya kwanza kiweke nje, gari likiwa limesimama, ukisubiri. Orodha nzima ya setilaiti inachukua dakika 12 na nusu kuteremka, na ukianza kuendesha katikati ya maghorofa ya Posta inakatika na kuanza upya. Wengi hurudisha kifaa kizima dukani kwa sababu hii. Na usikihifadhi betri ikiwa sifuri. Ichaji kama nusu kila baada ya miezi miwili au mitatu.

Mpitanjia:
Nimeelewa mkuu. Kuna nüvi muuzaji amenitumia picha yake. Ramani inaonyesha Tanzanite, lakini tarehe kwenye kioo inasoma mwaka 2006. Hiyo si imekufa?

Fundi wa Dashibodi:
Haijafa. GPS inahesabu wiki kwa namba inayoishia 1023 kisha inarudi sifuri. Ilirudi Agosti 1999, ikarudi tena Aprili 2019. Kifaa ambacho programu yake haikusasishwa kinakosea wiki 1,024, yaani miaka 19 na miezi saba hivi, ndiyo maana unaona 2006. Mahali ulipo kitaonyesha sawasawa, kwa sababu hesabu ya mahali haitegemei namba ya mwaka.

Kitakachoharibika ni tarehe yenyewe, na pengine rangi za usiku na mchana, maana kinakokotoa machweo kwa tarehe. Kiunganishe na kompyuta yenye programu ya Garmin Express. Ikiwepo programu mpya ya modeli hiyo, tarehe itajirekebisha. Isipokuwepo, panga rangi kwa mkono. Mwonyeshe muuzaji hiyo tarehe kabla hamjakubaliana bei, na usisahau kuulizia waya wa asili.